Wodi ya Mashine Zisizoumwa

Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana na watu wachache, na wengi wa hao wachache walikwisha kutangulia. Barabara nzima ilimwita Shangazi. Banda la kutengenezea injini ndogo lilikuwa la kaka yake, na watoto wa kaka yake walishinda pale kutwa wakiita shangazi huku, shangazi kule, mpaka wateja nao wakalidaka. Hata waliomzidi umri walimwita hivyo. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwenye mvi hadi kwenye nyusi, alikuwa akisimama mlangoni na kuita, “Shangazi, upo?” kama mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani.

Kazi alijifunza kwa kushika kurunzi. Kaka yake alikuwa na vidole vinene, na kabureta ya injini ndogo ina vitundu ambavyo hata sindano inapita kwa kuomba ruhusa. Siku moja kaka alichoka kulaani, akamsukumia dada yake kile kidude. “Hebu wewe mwenye vidole vya ushonaji, zibua hapa.” Akazibua. Tangu siku hiyo kurunzi ilishikwa na mtu mwingine.

Kaka alipofariki, watu walidhani banda litageuzwa duka la vocha za simu, kama yalivyogeuzwa mabanda mengine yote ya mafundi katika barabara ile: la mshona viatu, la mtengeneza saa, la yule bwana aliyekuwa akiziba sufuria. Halikugeuzwa. Shangazi alifungua mlango, akafagia, akakaa kwenye benchi. Mteja wa kwanza aliingia na jenereta begani, akachungulia nyuma ya mgongo wake.

“Fundi yuko wapi?”

“Unaongea naye.”

“Namaanisha fundi mwenyewe.”

“Mwenyewe yuko makaburini. Mfuate huko, au nipe hiyo mashine.”

Akapewa. Na akaendelea kupewa mpaka nywele zake zikawa nyeupe na kucha zake zikawa na weusi usiotoka kwa sabuni yoyote.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati na mbao, zote zimeungwa kwa skrubu. Kaka yake aliuchukia msumari. Alisema msumari ni wa mtu asiyetarajia kurudi. Ndani kulikuwa na benchi la mbao nzito lililokunywa oili miaka na miaka hadi likang’aa, makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa springi na washa, na harufu ya petroli iliyomfuata Shangazi hadi nyumbani na kulala naye kitanda kimoja, maana mume alikwishatoweka zamani, na huyo hana nafasi katika habari hii.

Sheria za banda zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kaka: mashine haikai bandani ikiwa imefungwa. Ikiletwa leo inafunguliwa leo, hata kama ni kutoa kabureta tu na kuitia kwenye kopo lake. Fundi anayekwambia “naishughulikia” na hajaigusa, kaka alimwita mwizi, na hakupunguza neno. Sheria ya pili ilikuwa ya Shangazi mwenyewe. Ukiwasha mashine ndani ya nyumba, hupewi tena. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akiiwasha ukumbini na kufunga mlango kwa kuogopa wezi, mpaka jirani wakamtoa mkewe na watoto wamelegea kama nguo zilizoloa. Walipona. Bwana huyo alipoileta mashine ile kutengenezwa, Shangazi aliikalia.

“Mashine ni yangu!” bwana alifoka.

“Na watoto ni wako pia. Jenga kizimba cha chuma huko nje, uje unionyeshe.”

Bwana alimtukana matusi yote anayoyajua. Kisha akajenga kizimba.

Kwa hiyo mtu asije akasema Shangazi hakujua ubaya wa moshi. Aliujua kuliko waliokuja baadaye kumfundisha. Lakini umeme katika mji ule ulikuwa ukija kama mgeni mwenye haraka, hata kiti hakalii. Barabara ilikuwa na kinyozi, na mashine yake ya kunyolea haili upepo. Ilikuwa na Mama Barafu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mbali, aliyeuza maji baridi na barafu. Ndani ya friji lake, nyuma ya chupa, kulikaa dawa ya sukari ya Mwalimu, ile ya sindano, ambayo ikipata joto inakuwa maji matupu. Umeme ukikatika, kamba zilivutwa, mashine zikanguruma nje ya milango, maisha yakaendelea. Yalikuwa na kelele, ndiyo. Maisha ya watu masikini yana kelele.

Siku moja tangazo likabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Halmashauri ya mji ilikuwa inakusudia kupiga marufuku injini ndogo zote za petroli: jenereta za nyumbani, pampu za maji, mashine za kukatia nyasi. Sababu ni hewa safi. Mashine kubwa, zile za mahoteli, mabenki na maofisi, hazikuguswa, mradi ziwe na kibali. Wananchi walialikwa kutoa maoni.

Mkwewe, mume wa binti yake, ndiye aliyemsomea habari yote. Alikuwa kijana mwenye adabu, anauza taa za sola na betri, na alimpenda mama mkwe wake kwa dhati. Jioni ile alimletea zawadi: boksi jeusi, zito, lenye soketi ubavuni.

“Hili halina moshi wala kelele, mama. Unalichaji, linakuwashia taa na feni.”

Shangazi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akaligeuza. Akaligeuza tena. Akapitisha kidole pembezoni mwote.

“Skrubu ziko wapi?”

“Hazipo, mama. Limefungwa kiwandani.”

“Likifa?”

“Unalirudisha dukani, wanakupa jingine.”

“Na hili?”

“Wanalichukua.”

“Wanalipeleka wapi?”

Mkwe alikuna kisogo. Hakujua. Shangazi aliliweka boksi chini polepole, kama mtu aliyepewa mtoto asiye na uso. Hakulichukia kwa sababu ni jipya. Aliwahi kufurahia vitu vipya vingi. Alichukia kuambiwa kwamba kitu kilichomo nyumbani mwake ni marufuku kukijua.

“Friji la Mama Barafu litaliendesha?”

“Friji, hapana. Kwa friji unahitaji kubwa zaidi.”

“Anaweza kulinunua hilo kubwa?”

Mkwe akacheka kicheko cha aibu. “Mama, nawe!”

Siku ya maoni ukumbi wa halmashauri ulijaa. Mezani mbele alikaa mkuu wa idara ya mazingira, na pembeni yake afisa kijana mwenye miwani, aliyetumwa kueleza. Kijana alieleza vizuri. Alisema injini ndogo chafu inatoa moshi mbaya kuliko magari kadhaa, akasema mapafu ya watoto, akasema familia zilizokufa usingizini. Shangazi alitikisa kichwa kukubali. Hata alimwambia Mama Barafu, “Huyu mtoto hasemi uongo.”

Zamu yake ilipofika, alisimama. Na hapo umeme ukakatika.

Ukumbi uliguna, kisha ukacheka, maana nyuma ya ukumbi kulikuwa na jenereta la halmashauri lenye ukubwa wa kibanda cha mlinzi, nalo lilijiwasha lenyewe likaanza kunguruma. Taa zikarudi. Feni zikarudi. Moshi ukapita madirishani taratibu, mweusi, hauna haraka, una kibali.

“Jamani, mgonjwa mwingine huyo, mleteni bandani!” kinyozi alipaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Kipaza sauti cha wananchi hakikurudi. Shangazi akaanza kusema, hakusikika. Akapandisha sauti. Bado. Ikabidi apige kelele, mwanamke ambaye bandani alisema na wateja kwa sauti ya kuongea na mgonjwa.

“Nasema moshi unaua! Najua! Leteni umeme usiokatika, mimi mwenyewe nitafunga banda na ufunguo nitawaletea! Lakini msiondoe ngazi na mtu bado yuko juu ya paa!”

Mkuu wa idara aliinua kiganja. “Mama, tafadhali. Tunakusanya maoni, si ugomvi. Usitupigie kelele.”

“Napiga kelele kwa sababu ya mashine yenu!”

“Punguza sauti, mama, au ukae.”

Akikaa hasikiki, akipunguza hasikiki. Akakaa. Mkuu akamshukuru kwa mchango wake. Ndivyo maoni yanavyokusanywa: unaitwa useme, unawekewa ngurumo nyuma yako, ukipaza sauti unaambiwa huna adabu, kisha unaandikwa kuwa umeshirikishwa.

Sheria ikapita. Ikatangazwa kwamba maafisa watapita nyumba hadi nyumba, na atakayekutwa na mashine inayotumika atanyang’anywa. Lakini ndani ya tangazo hilo kulikuwa na kipengele kimoja kidogo, na aliyekiona ni kinyozi, ambaye kwa kazi yake ya kungoja wateja alikuwa na muda wa kusoma kila kitu kilichobandikwa. Mashine iliyo kwa fundi ikitengenezwa haitahesabiwa kuwa inatumika.

Alikuja bandani mbio, taulo la kazi bado begani.

“Shangazi, tumepona! Lete mkono nikubusu.”

“Mkono una grisi. Sema.”

Akasema. Mpango ulikuwa mwepesi. Wiki ya ukaguzi mashine zote ziwe zinaumwa. Zilazwe kwa Shangazi. Maafisa wakipita majumbani hawakuti kitu. Wakipita, kila mtu anakuja kumchukua mgonjwa wake.

“Sipokei mashine nzima,” Shangazi alijibu bila kuinua macho.

“Nani atajua kama ni nzima?”

“Mimi.”

“Loo! Shangazi, unataka nini, cheti cha daktari? Sema tu inakohoa!”

“Haikohoi. Niliitengeneza mwenyewe mwezi uliopita. Unataka niseme kazi yangu mbovu?”

Kinyozi alishika kichwa. Aliondoka akisema na nafsi yake. Akaja Mama Barafu, hakucheka safari hii. Akaja na Mwalimu, ambaye alivua kofia mlangoni.

“Shangazi,” Mwalimu alisema, “mimi sikuombi useme uongo. Nimewapiga watoto wengi fimbo kwa uongo. Lakini ile mashine ya huyu mama wakiichukua, mimi nitaishi kwa huruma ya laini ya umeme. Basi.”

Shangazi aliweka bisibisi chini. Halafu akapata njia ya kupita bila kumkanyaga marehemu kaka yake, na njia hiyo ndiyo iliyowaponza wote.

“Zileteni,” alisema. “Lakini nitazifungua. Kila moja. Nitaisafisha kabureta, niangalie plagi, nibadilishe kilichochoka. Akija mtu nikamwambia ziko matengenezoni, iwe ni kweli.”

“Hata zisizoumwa?” kinyozi aliuliza.

“Hakuna asiyeumwa kabisa.”

Zililetwa kwa mikokoteni, kwa baiskeli, mabegani, zingine zimefunikwa khanga kama maharusi. Barabara ikashikwa na uchangamfu wa ajabu. Kila mwenye mashine alibuni ugonjwa wake. Mmoja alisema yake ina presha. Mwingine alisema yake imeharibika mimba. Kinyozi aliiandikia ya kwake, kwa chaki, “Kichaa, msiisogelee.” Mama Barafu ndiye aliyeliita banda wodi, na jina likashika: watu wakawa wanapita kuulizia hali. “Shangazi, wangu amekula?” “Kanywa oili kidogo, amelala.” Wakacheka sana siku zile. Inauma kukumbuka jinsi walivyocheka.

Shangazi hakuwa na nafasi ya kucheka. Alifungua kutoka asubuhi hadi macho yanamwishia nuru. Kila mashine ilitolewa kabureta, ikaoshwa, ikawekwa kwenye kopo lake, na makopo yakajaa rafu nzima hadi dirishani. Alijua kila moja ni ya nani kwa namna ilivyochakaa. Mashine zenyewe, viwiliwili bila moyo, zilipangwa sakafuni, chini ya benchi, juu ya benchi, hadi kwenye dari.

Hakuna aliyesimama kufikiri kwamba barabara nzima imechukua kila ilichokuwa nacho na kukiweka nyuma ya mlango mmoja.

Maafisa walipita majumbani, hawakukuta kitu. Mtu asikute jenereta hata moja katika barabara ambayo wiki iliyopita ilikuwa ikitikisika! Siku iliyofuata afisa kijana alikuja bandani na askari wa mji, na lori.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Angalia, usikanyage kopo.”

Kijana aliangaza macho. Aliinua kichwa hadi darini, akakishusha.

“Hizi zote zinaumwa?”

“Zote zimefunguliwa.”

“Nimeuliza kama zinaumwa, mama.”

Neno moja lingetosha. Ndiyo. Barabara nzima ilikuwa imejibanza nje ikilingoja, kinyozi akilitamka kwa midomo bila sauti. Shangazi alipangusa mikono kwa kitambaa.

“Nimekwambia lililo kweli. Zimefunguliwa, zinatengenezwa. Sheria yenu inasema hivyo.”

Kijana hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akasema, “Ni kweli, inasema hivyo.” Akatoka nje, akapiga simu. Alikuwa akisikiliza zaidi kuliko kusema. Aliporudi hakumtazama usoni.

“Mkuu anasema fundi akiwa na mashine nyingi kupita kiasi, hilo si banda la fundi tena. Ni ghala. Ghala la vifaa vya petroli linahitaji kibali.”

“Kiasi hicho ni kipi?”

“Hakijaandikwa.”

“Sasa nimekipitaje?”

“Ni busara ya idara, mama.”

Ilipofaa kuwazuia watu, kila herufi ya sheria ilikuwa jiwe. Ilipowafaa watu, ikageuka busara ya idara. Askari wakaanza kubeba. Mama Barafu alijitupa juu ya mashine yake akaikumbatia, nao wakambandua taratibu, kwa heshima, huku wakisema “samahani mama, samahani mama,” na wakaichukua. Kinyozi alimfokea kila mtu. Hatimaye akamgeukia Shangazi.

“Si ungesema ndiyo tu! Ndiyo! Neno lenyewe halina hata meno!”

“Wangechukua hata ningesema.”

“Ungejuaje?”

Hakujua. Na hilo lilimkaa kifuani. Lori liliondoka na mashine zote, na kijana akabandika karatasi mlangoni: banda limesimamishwa hadi uamuzi utolewe. Hakuna aliyekumbuka makopo. Yalikaa rafuni yakionekana kama makopo ya maziwa.

Mwalimu ndiye aliyeondoka kwanza. Binti yake alikuja kumchukua, akampeleka mji mwingine penye umeme wa uhakika, na mzee aliyeishi barabara ile tangu ikiwa vumbi aliingizwa kwenye gari na chupa ya chai iliyojaa barafu, dawa yake ndani, akipunga mkono kwa watu wasiojua waseme nini. Mama Barafu alifunga friji. Kinyozi akarudia mkasi na kitana, na foleni yake ikahamia kwenye saluni ya hoteli, ile yenye jenereta kubwa lenye kibali.

Kisha mkuu wa idara akaja mwenyewe. Gari lake lilisimama mbele ya banda, vioo juu, injini inaunguruma ili ndani kubaki baridi. Lilinguruma muda wote aliokuwa akizungumza. Afisa kijana alikuwa nyuma yake.

“Mama, nimekuja tuelewane,” mkuu alisema. “Zile mashine zimepata mnunuzi. Sasa mnunuzi amevuta kamba, hakuna inayowaka. Fundi wetu anasema zote hazina kabureta.”

“Hazina.”

“Ziko kwako.”

“Ziko kwangu. Si zangu.”

“Basi sikiliza. Njoo bohari, uzirudishe kwenye mashine zake. Wewe tu ndiye unayejua ipi ni ya ipi. Ukimaliza, nitalitambua banda lako kama la fundi. Utatengeneza pampu kubwa, majenereta ya mahoteli, zenye vibali. Kazi haitakosekana. Ukikataa, banda linavunjwa. Liko kwenye hifadhi ya barabara, na wewe unajua.”

Lilikuwa kwenye hifadhi ya barabara tangu enzi za kaka yake, pamoja na barabara nzima.

“Mnunuzi anazipeleka wapi?” Shangazi aliuliza.

“Nje ya mji. Wilaya za huko. Huko hakuna sheria hii.”

“Na huko watu wanapumua nini?”

Mkuu alitabasamu kama mtu anayemvumilia bibi kizee. Afisa kijana alitazama viatu vyake.

“Hilo si jukumu la halmashauri yetu. Fikiri, mama. Nakupa hadi kesho kutwa.”

Jioni ile walimjia wote bandani, wakaketi kwenye matofali na ndoo zilizopinduliwa. Mkwe alikuja pia. Shangazi aliwaeleza, akashusha makopo moja moja akampa kila mtu la kwake. Hakukosea hata moja. Kinyozi alilishika kopo lake akalitikisa likalia.

“Sasa nifanye nini na hiki? Nivae shingoni?”

Hakuna aliyecheka. Mama Barafu aliinuka, akalirudisha kopo lake juu ya benchi.

“Mpe,” alisema. “Mashine zimeshakwenda, Shangazi. Hazirudi. Banda libaki.”

Kisha mwingine akarudisha lake. Na mwingine. Mwisho kinyozi naye akasimama, akaliweka la kwake kwa kishindo, kama mtu anayelipa deni asilolikubali. “Chukua. Usiseme sikukupa kitu maishani.”

“Kubali, mama,” mkwe alisema kwa upole. “Umefanya kazi hapa maisha yako yote. Nani atakulaumu?”

Shangazi alitazama makopo yamerudi yote. Machozi yalimlenga, akakasirika kwamba yanamlenga, na alipofungua mdomo sauti ilitoka kavu.

“Walisimama mbele yetu wakasema mashine hizi zinaua. Na mimi nikakubali, nikatikisa kichwa, maana nimeona. Sasa wanataka niziamshe wawauzie watu wengine. Kama zinaua, wasiuze. Kama haziui, waturudishie. Wachague moja. Mimi sitawasaidia kusema yote mawili.”

“Na banda?” Mama Barafu aliuliza.

“Banda ni la kaka. Ningemwambia nini humo baada ya hapo?”

Akawarudishia makopo yao, mkononi kwa kila mtu, na safari hii hakuna aliyeyaacha. Kinyozi aliondoka bila kuaga. Alikasirika kweli, na hasira hiyo ilidumu, Shangazi hakumlaumu.

Siku ya kuvunja, wafanyakazi wa halmashauri walifika asubuhi na nyundo kubwa na mitaimbo. Walimkuta juu ya ngazi, bisibisi mkononi. Bati la kwanza lilikuwa limeshashushwa na kuegemezwa ukutani, skrubu zake zimekusanywa.

“Shuka, bibi, tufanye kazi,” msimamizi wao alisema.

“Mmeagizwa pasiwe na banda?”

“Ndiyo.”

“Halitakuwapo. Lakini hakuna atakayevunja kitu kinachofunguka.”

Walitazamana. Msimamizi alifungua mdomo, kisha akatazama barabara. Watu walikuwa wametoka milangoni, wamesimama tu, hawasemi. Afisa kijana alikuwepo pia; alikuwa ametumwa kushuhudia. Msimamizi alipomgeukia amwambie cha kufanya, kijana alisema, “Mwacheni,” kwa sauti ndogo, halafu akaenda kuishika ngazi isiyumbe.

Bati likafuata bati. Jua lilipanda. Mkwe alikuja akawa anapokea na kupanga. Wafanyakazi waliweka mitaimbo chini, wakakaa kivulini mwa lori, mmoja wao akasinzia. Mlango ulitoka kwenye bawaba zake mzima. Rafu zikatoka. Benchi likafunguliwa miguu, na chini yake ardhi ilikuwa nyeusi, laini kama ngozi. Mchana ulikuwa unaelekea jioni.

Ilibaki nguzo moja, na kwenye nguzo hiyo skrubu moja, ya zamani, iliyokula kutu hadi kichwa chake kikawa donge. Bisibisi iliteleza. Akajaribu tena, ikateleza.

Msimamizi aliinuka, akajinyoosha, akachukua nyundo. “Hiyo basi, bibi. Hiyo niachie mimi. Pigo moja tu.”

“Subiri,” Shangazi alisema.

Alichukua kikopo cha oili, akadondosha matone juu ya kutu, akasimama kando na kukunja mikono. Hakutazama nyundo wala lori. Alikuwa akiitazama oili ikiingia.

“Itachukua muda gani?” msimamizi aliuliza.

“Itakavyotaka.”

Wakasubiri.